Nilivyomhoji baba mkwe mlangoni mwa kanisa

Wakuu, habari za jioni.

Nimesoma humu jamaa analalamika kuwa mdogo wake mwenye bipolar "anajiendekeza". Ngoja nilete yangu. Sitatia chumvi, yenyewe ina chumvi ya kutosha.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Mkunya, Newala. Soko huria ndiyo kwanza limeingia, wanunuzi binafsi wa korosho wanapishana barabarani, redio binafsi zinafunguliwa Dar. Kila mtu ana mipango mikubwa. Kwa hiyo niliposema nafungua kituo cha redio, hakuna aliyeshtuka.

Mke wangu, Mama Neema, alifurahi kabisa. Usiku nalala kwa muda wa saa mbili tu, napalilia mikorosho, nafundisha, narudi naongea mpaka sauti inakauka. Akajua mume kapata akili ya maendeleo.

Jumapili moja nikashika tochi kama maiki, nikajipanga mlangoni mwa kanisa. Akatoka baba mkwe, katekista, mtu wa heshima zake. Na kwetu mkwe hataniwi.

Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamsogezea tochi mdomoni: "Mzee, wasikilizaji wanauliza, kwa nini unasinzia wakati wa mahubiri?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Siku hiyohiyo mzee alimchukua binti yake na mjukuu, wakahamia kwake.

Kaka yangu akanipeleka hospitali Ndanda. Huko ndiko nilikosikia neno mania, yaani ule upande wa juu wa bipolar, kwa mara ya kwanza.

Dawa zilipokolea, tulienda ukweni na kaka kuomba radhi. Mzee akauliza kitu kimoja tu: nilikuwa najua ninachofanya?

Ningeweza kusema sikujua, yakaisha.

Nikamwambia, "Nilijua, baba. Na niliona ni jambo jema. Sijawahi kujiona mzima kama siku ile. Huo ndio ugonjwa wenyewe."

Nikamweleza ni kama kuteremka mlima wa Newala na baiskeli isiyo na breki. Watu wanakupigia kelele, wewe unasikia upepo tu, tena mtamu.

Mzee akasema taratibu kuwa kilichomuuma ni kwamba kweli huwa anasinzia. Mama mkwe akakimbilia jikoni kwenda kuchekea huko.

Mama Neema hakucheka. Aliniuliza siku nyingine atajuaje kuwa ni ugonjwa, maana safari hii mwanzoni alinipenda nilivyokuwa.

Hilo lilinichoma.

Tukakubaliana mbele ya baba yake: usingizi ukipungua siku mbili mfululizo, anipeleke Ndanda, na ubishi wangu usihesabiwe. Akarudi nyumbani. Ameshanipeleka mara mbili, na mara zote nilimwambia anaonea wivu kipaji changu.

Nilichojifunza: msimuulize ndugu yenu "ulikuwa na akili gani?" Subirini atulie, mwambieni awasimulie, hata ile sehemu tamu. Makubaliano yafanyeni akiwa mzima, siyo akiwa juu.

Wenye wagonjwa nyumbani, nyie mnafanyaje? Na wa kunitukana karibuni pia, nimeshameza dawa, nitawajibu kwa upole.