Daktari Aliyeona Haya ya Glavu

Mdogo wangu alikuwa daktari mzuri sana wa mifugo, na nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani namwonea wivu. Mkono wake wa kushoto haukuwa na mfano. Alikuwa akivaa ile glavu ndefu ya plastiki inayofika begani, anaupitisha mkono nyuma ya ng'ombe, anafumba macho kidogo kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, kisha anakwambia kama kuna mimba, ina miezi mingapi na kama inakwenda vizuri. Wafugaji walimfuata kutoka mbali. Wao walimwita Mkono.

Mama alimwita Daktari. Tangu siku aliyopokea shahada yake ya kwanza, jina alilompa mwenyewe alipomzaa likabaki kwenye kitambulisho tu. Daktari, sogeza kiti. Daktari, mbona hujamaliza chakula. Hata alipokuwa akimgombeza kwa kuacha taulo mbichi kitandani, alimgombeza kwa cheo.

Mdogo wangu aliharibikia kwenye harusi moja. Aliketishwa meza moja na watu wa maofisini, akamwinulia sahani ya nyama bibi mmoja aliyejipara, na yule bibi alipoambiwa kazi yake ni nini akautazama mkono ulioshika sahani, kisha akasema ameshiba. Mtu mzima mwenye akili timamu angecheka na kuila ile nyama mwenyewe. Mdogo wangu alirudi nyumbani amenuna, akasugua mikono kwenye sinki mpaka sabuni ikaisha, na tangu siku hiyo akaanza kuona haya ya kile kilichokuwa kinampa heshima.

Wakati huohuo chuo kikafungua masomo ya uzamili ya usimamizi wa biashara ya kilimo, mahususi kwa madaktari wa mifugo. Wazo lenyewe halikuwa la kijinga. Walitaka watu wanaojua tumbo la ng'ombe waweze pia kuendesha shamba likaleta faida, badala ya kutibu leo na kufilisika kesho. Wenzake walikwenda kuongeza elimu juu ya ile waliyokuwa nayo. Yeye alikwenda kubadilishana, kama mtu anayerudisha shati dukani.

Masomo yalikuwa Jumamosi na Jumapili, na kila Jumatatu tulipokea neno jipya mezani. Ng'ombe akawa kitengo cha uzalishaji. Mavi yakawa zao la ziada. Mimi, ninayekamua ng'ombe wa nyumba hii tangu kabla yeye hajajua kujifunga kamba za viatu, nikawa nguvukazi ya familia. Mabuti yake ya mpira yalihamia stoo, akanunua viatu vyeusi vilivyochongoka mbele, na akivuka ua alikuwa anainua miguu kama kuku aliyekanyaga sakafu iliyopigwa deki. Nilimdharau, na wala sikuficha.

Akachapisha kadi zenye neno Meneja. Akamletea mama moja, akamwomba, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba kuanzia sasa amwite hivyo, hasa wageni wakiwapo. Mama aliigeuza ile kadi nyuma na mbele.

"Mameneja wako tele," alisema. "Hata kwenye baa yupo. Daktari ninaye mmoja."

Alirudia ombi hilo mara nyingi na kila mara mama alijifanya hajasikia.

Sasa, mama alikuwa na ng'ombe kadhaa, lakini aliyempenda alikuwa mmoja, tuliyemwita Mwekundu. Ukoo wa Mwekundu ulianza na mtamba ambaye marehemu baba alimleta nyumbani kabla sisi hatujazaliwa, na katika ukoo huo alikuwa amebaki jike yeye peke yake, majike waliomtangulia walishakufa, na wengine walizaliwa madume wakaenda zao. Mama alitaka kitu kimoja: ndama jike kutoka kwa Mwekundu. Alikuwa anasema hadharani kwamba akishamwona huyo, hata miguu ikikataa kumfikisha bandani hatalalamika.

Mwekundu alipandikizwa mbegu zaidi ya mara moja na kila mara alirudi kwenye joto, ishara kwamba mimba haikushika. Halafu dume la jirani likavunja uzio, tukalikuta asubuhi limesimama bandani kwetu kama mkwe. Baada ya hapo sikumwona Mwekundu kwenye joto tena, lakini ni ng'ombe mkimya, na mimi nilikuwa na ndoo za kubeba. Kama alikuwa amebeba kitu au hakubeba, sikujua. Nyumba nzima mtu wa kujua alikuwa mmoja.

Mwisho wa masomo, kila mwanafunzi alitakiwa achague shamba, aliongoze kama meneja, kisha asimame mbele ya jopo la wahadhiri aeleze maamuzi aliyoyafanya na matokeo yake. Mdogo wangu akachagua banda la mama. Alikuja na kompyuta, akaiweka juu ya pipa la pumba, akatuonyesha jedwali lenye rangi. Ng'ombe wa kijani ni wa kubaki. Mwekundu alipakwa nyekundu, na hakuona hata kichekesho kilichokuwapo. Anakula na hazai, alituambia, kwa hiyo aende machinjioni kabla ya siku ya jopo, ili matokeo yaonekane.

Mama alishika nguzo ya banda. Mimi nikamkumbusha habari ya dume. Akauliza ilikuwa tarehe gani. Tukatazamana na mama, hakuna aliyekumbuka.

"Tukio lisilo na tarehe si takwimu, dada," alisema.

Nikamwambia basi ampime. Glavu zake zilikuwa stoo, ndani ya mabuti, na kazi yenyewe haichukui muda wa kuchemsha chai. Alivuta mikono ya shati lake jeupe mpaka ikafunika viganja. Akatupa hotuba kwamba meneja anayeingia mwenyewe kwenye kila kitengo ni meneja aliyeshindwa, na kwamba jopo linataka uamuzi uliotokana na takwimu, si mambo ya kupapasa. Alilitamka neno hilo, kupapasa, kama kitu alichokiokota chooni. Mtu aliyejengewa jina na mkono wake! Nilitamani kumzaba kofi, na mpaka leo najuta kidogo kwamba sikumzaba.

Mama aliiachia ile nguzo.

"Daktari," alisema, "una hakika?"

Hapo mdogo wangu alikuwa na nafasi ya kuvua saa na kukunja shati. Alisema jedwali liko wazi, mama asitie shaka.

Nilipofungua mdomo, mama akaninyamazisha. Daktari amesema, ndilo jibu alilonipa, na kwake lilikuwa limetosha.

Lori lilikuja asubuhi. Mama alimpangusa Mwekundu usoni kwa kanga yake, akaingia ndani, hakutaka kuona anavyopandishwa. Mdogo wangu alipiga picha ile nafasi iliyobaki tupu bandani. Alikuwa na picha ya kabla, sasa amepata ya baada, na alirudi kibarazani akipiga mluzi.

Alasiri akaja mkaguzi wa nyama wa machinjioni, amepanda pikipiki yake, bado na koti jeupe la kazini. Tulimfahamu vizuri. Ni mtu mpole ambaye miaka ya nyuma, akitilia shaka ng'ombe yeyote kabla ya kuchinjwa, alikuwa anampigia simu mdogo wangu, naye anakwenda na glavu yake na kumaliza ubishi. Alimwamkia mama, akakataa kiti, akakataa na chai. Akaeleza kwamba asubuhi alikuta hati ya kusafirishia imeandikwa kuwa ng'ombe mwekundu ni mtupu, hana mimba, ameona ni wa nyumba ya Mkono, basi hakuona sababu ya kuuliza mara mbili.

Mdogo wangu alikuwa amefungua kompyuta akipanga picha zake. Niliona vidole vimesimama.

"Nani alimpima yule ng'ombe?" aliuliza mkaguzi.

Mimi nilikuwa na maneno ya kutosha kujaza debe, nikayameza, kwa sababu mama alishainua kichwa, na usoni mwake ilikuwapo ile fahari yake ya siku zote.

"Mwanangu," alisema. "Huyu hapa. Daktari."

Mkaguzi alivua kofia. Alimtazama mdogo wangu kwanza, akimpa nafasi ya kusema mwenyewe, na mdogo wangu akatazama viatu vyake. Ndipo mkaguzi akamgeukia mama.

"Tumemkuta na ndama tumboni, mama. Miezi mitano hivi. Kwato zimeshaumbika." Akaigeuza kofia mkononi. "Ni jike."

Mama aliketi kwenye ngazi ya kibaraza. Aliilaza mikono magotini, akaanza kuitazama ile nafasi tupu bandani, ile iliyopigwa picha.

Mdogo wangu alikohoa. Nilidhani angeomba radhi. Nilimngoja kabisa, kwa moyo mweupe, maana ni damu yangu. Akasema kwamba kwenye masomo yao jambo la namna hii huhesabiwa kuwa gharama ya kujifunza. Alisema hivyo mbele ya mama. Mkaguzi alivaa kofia yake, akaaga kwa sauti ya chini, akaanza kusukuma pikipiki kuelekea geti, ambalo tulikuwa tumeshalifunga kwa komeo.

Mama hakugeuza kichwa.

"Meneja," alisema, "mgeni anaondoka. Kamfungulie geti."

Mdogo wangu alibaki amesimama. Alinitazama mimi, kana kwamba nilikuwa na la kumsaidia. Kisha akashuka ngazi na kuuvuka ua, moja kwa moja, akikanyaga mavi bila kuangalia anapoweka mguu.