Nguzo Isiyo na Karatasi

Miaka ya tisini, pale Pasiansi, nilikuwa nakereza kwa mashine nguzo za kupambia makabati. Unaunganisha mbao mbili kwa gundi, katikati unaweka karatasi ili gundi isizishike moja kwa moja. Ukishakereza, unagonga patasi kwenye kiungo, zinaachana vizuri, nusu huku, nusu kule. Karatasi yenyewe ilikuwa gazeti; magazeti yalishaanza kuwa mengi mjini, na mke wangu ndiye aliyekuwa akiyakata na kuyaweka.

Alipofariki, nikakereza nguzo ya kupambia jeneza lake. Nikagonga patasi, mbao zikagoma. Shemeji akaniambia nipumzike, nikamfokea, nikagonga kwa hasira mpaka ubao mmoja ukachanika. Ndipo nikakumbuka kuwa sikuweka karatasi. Miaka yote ile sikuwahi kuiweka mimi.

Tulimzika bila pambo. Nguzo ile ninayo bado. Imechanika vibaya, lakini mbao zake hazijaachana.