Semina ya Haki na Migomba ya Mjane

Wiki iliyopita wahadhiri wa chuo kikuu kimoja walifika Ngara kutufundisha falsafa ya haki, nasi tukaujaza ukumbi. Ulipofika wakati wa maswali, alisimama mjane mmoja wa kata ya Kirushya, akakaza kanga kiunoni.

"Shikamoo, mama," mhadhiri mmoja alimwahi.

"Marahaba, mwanangu. Shemeji yangu ameng'oa miti ya mpaka, akaipanda katikati ya migomba yangu. Hiyo ni haki?"

Mhadhiri alivua miwani, akaifuta taratibu. "Swali zito hilo, mama. Lakini leo tumo katika nadharia."

"Basi nitajie siku ya vitendo, nije na jembe."

Watu walicheka. Shemeji mwenyewe, aliyeketi safu ya mbele pamoja na kamati ya mapokezi, aliwashinda wote kwa kicheko. Jioni alikabidhiwa cheti cha maadili. Nilikiomba, nikakisoma neno kwa neno: kilithibitisha kwamba amehudhuria, na hilo ni kweli tupu.

Mjane alikwisha kuondoka. Nasi majirani, tunaoujua mpaka ule tangu uhai wa mumewe, tulimpigia shemeji makofi.