Kitufe Kilichoandikwa Hifadhi

Mwanzia ndiye aliyetengeneza programu za kompyuta za chama cha wafugaji cha Mkongani. Zote zilichota vitufe, picha na maneno kutoka faili moja la pamoja, liitwalo maktaba, lililotiwa sahihi ya kidijitali ambayo programu ziliikagua ili likibadilishwa likataliwe. Kulitia sahihi upya kila aliporekebisha neno kulimchosha, basi akauondoa ukaguzi ule.

Asubuhi moja karani, Mama Sidi, alibonyeza "Hifadhi", na kumbukumbu za chanjo za mbuzi zikafutika. Ofisi ilikuwa imejaa wanachama.

"Mama, hata kusoma kitufe kumekushinda?" Mwanzia akaropoka mbele yao.

Mama Sidi akajitanda leso yake, akatoka.

Mwanzia alipoifungua maktaba, aliikuta ni nakala yake mwenyewe ya majaribio, isiyo na sahihi, aliyoiweka kimakosa kwenye kompyuta ya ofisi. Humo kitufe cha kufuta kilikuwa kimeandikwa "Hifadhi". Ukaguzi ungeikataa papo hapo. Uso ukamwaka kwa haya.

Akamfuata nyumbani. "Shikamoo, mama. Kosa lilikuwa langu."

"Marahaba. Mbona unanong'ona? Uliponitweza hukunong'ona."

Katika kikao kilichofuata Mwanzia alisimama akakiri mbele ya wote, macho yakiwa sakafuni. Ukaguzi aliurudisha, na kumbukumbu zikaandikwa upya kwa kuwauliza wafugaji mmoja mmoja. Mama Sidi alirudi mezani, lakini kabla ya kubonyeza alimgeukia Mwanzia.

"Mwanangu, hiki leo kinasema kweli?"

"Kinasema kweli, mama," alijibu.