Mokami abomoa jiko ili Boke arudi

Mokami Waitara anachota udongo kwa mikono miwili, anaubamiza ukutani, paa! Kisha anausawazisha kwa kiganja. Jua la kijiji cha Nyakunguru limeshapanda, na mama huyu mjane anajenga jiko jipya huku akiimba, tena kwa sauti. Jirani anayepita na ndoo kichwani anashindwa kunyamaza.

"Mama Mokami, leo umeamkaje mpaka unaimba?"

"Nimelala, mwenzangu! Nimelala mpaka jogoo kachoka kuniita!"

Jirani anacheka, na ana haki ya kushangaa. Mwaka jana tu, Mokami huyu alikuwa mtu wa kukwepwa njiani.

Kazi yake ilikuwa dhahabu. Aliosha mchanga wa mawe yaliyosagwa, akautia zebaki ikamate chembe za dhahabu, kisha akachoma lile donge ili zebaki iruke, dhahabu ibaki. Wanawake wenzake nao walimletea madonge yao awachomee. Na alichomea wapi? Jikoni, juu ya mafiga yaleyale ya ugali, mlango kafunga, dirisha kaliziba kwa gunia.

"Ukichomea nje watu wanaona umepata," anaeleza. "Dhahabu ikionwa, jioni unapokea ndugu usiowajua. Kwa hiyo tulikuwa tunajifungia."

Jamani! Akiwakwepa ndugu, akawa anajifungia na sumu.

Usingizi ulianza kumkimbia. Usiku macho makavu, mchana anasinzia juu ya beseni la kuoshea mchanga. Hasira nazo zikaja, za papo kwa papo, na aliyezipata zaidi ni Boke.

Boke ni mke wake. Kwa mila ya Wakurya ya nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe wa mahari akaoa mwanamke mwenzake, na watoto atakaozaa huyo na mwanamume wa nje wakawa wa nyumba yake. Mokami alizaa mabinti watupu, wote wakaolewa. Mumewe alipofariki, alimwoa Boke, na Boke akamzalia mtoto wa kiume. Wakampa jina la marehemu, Nchagwa.

Asubuhi moja ugali uliungua kidogo tu. Mokami akanyakua sufuria ya moto akaitupa, ikampitia mtoto karibu na kichwa. Boke alimfunga mwanawe mgongoni, akaenda kwao.

"Hapo nilijua nyumba yangu inakufa, na anayeiua ni mimi," anasema Mokami, sauti ikishuka. "Nilijichukia sana. Lakini hasira ikija sikuweza kuishika."

Akaamini amelogwa. Mganga akala mbuzi wake, usingizi haukurudi. Mwishowe akaenda zahanati kuomba vidonge vya kulala, akakutana na muuguzi Esta, ambaye kabla ya vidonge alitaka kujua anachomea wapi dhahabu.

"Mvuke wa zebaki unaathiri mishipa ya fahamu," anasema Esta. "Unaweza kuvuruga usingizi na kumfanya mtu awe mkali, awe na wasiwasi. Kwa mama Mokami siwezi kuapa kuwa ni hilo tu, maana na kufiwa nako kunaumiza. Nilimwandikia akapime hospitali, nikamwambia aache kuchoma, tuone."

Aliacha shingo upande. Siku hizi anawauzia wachimbaji uji na maandazi, na hafichi kwamba kipato kimepungua. Ila usingizi ulirudi, taratibu, na ukali ukapungua nao. Ndipo akapata uso wa kwenda ukweni kuomba msamaha.

Boke alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama, moyo wangu umekusamehe," akamwambia. "Lakini jiko lile sirudi kumpikia mtoto humo. Masizi yake yote ni ya ile dawa ya kukamatia dhahabu."

Jiko lile alilijenga marehemu kwa mikono yake. Mokami alilibomoa, na kwa ushauri wa Esta akaufukia udongo wake mbali na kisima. Je, mume angesema nini?

"Angesema, wewe mwanamke, umechelewa!" anajibu, anacheka mpaka anashika kiuno.

Sasa anawashawishi wenzake wanunue chombo cha chuma chenye mfuniko wa kunasa mvuke, wakiweke mahali pa wazi, mbali na nyumba. Wengine bado wanaogopa kuonekana. "Nitawaambia tena na tena," anasema. "Nina usingizi wa kutosha, nguvu ninazo."

Mchana Boke anafika, mtoto mgongoni. Anasalimu, "Shikamoo mama," kisha anazunguka jiko polepole, anachungulia ndani, anahesabu madirisha kwa macho. Mokami, msemaji yule, ameshika donge la udongo na hajui aliweke wapi.

Boke anafungua kanga, anamshusha Nchagwa.

"Nawa, mama, umshike," anasema. "Huku nyuma umeacha ufa. Ngoja nizibe, jioni tupike."