Bomba Lililobaki

Yule fundi bomba hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Akishakata kipande kilichooza na kuunga kipya, alimwambia mwenye nyumba: "Hapa nimeziba, mama, lakini bomba lililobaki ni la umri uleule. Niite nilikague, usingoje maji yafike sebuleni." Watu walimcheka pembeni, eti anajitafutia kazi ya kesho. Akirudi nyumbani alimsimulia mkewe, akiwatukana wote kwa ujinga wao.

Alipopasuliwa saratani ya ini, daktari alimweleza kwamba uvimbe umetoka wote, ila ini lililobaki lilikwisha kuharibika na saratani inaweza kuota tena, kwa hiyo arudi kupimwa kila baada ya miezi michache. Bwana fundi alisikia "umetoka wote," basi. Shemeji zake wakambandika jina la Chuma, naye kichwa kikamvimba. Mkewe alipomkumbusha kliniki, alifoka: "Na daktari naye anajitafutia kazi ya kesho!"

Macho yalipogeuka manjano ndipo akakubali kupelekwa, tena kwa kununa. Daktari alizitazama picha, akavua miwani. Uvimbe umerudi, akasema, umeenea ini zima, na safari hii hakuna pa kukata.

Chuma akampandishia sauti: "Si ulisema umeutoa wote?"

Aliyejibu ni mkewe, polepole, bila kumtazama.

"Baba watoto, maji yameshafika sebuleni."