Tawi la Chini ya Kovu

Mimi darasa la tano sikulimaliza, lakini michungwa isiyo na mbegu inayozaa hapa Dodoma, Area D, Kikuyu mpaka Mtumba, mingi imepita kwenye kisu changu. Chungwa la namna hii halina cha kupanda. Unachukua jicho la chipukizi kwenye tawi la mti mama, unalibebesha kwenye shina la mlimao, unafunga na nailoni, unasubiri. Mti mama ninao mmoja tu, nyuma ya nyumba niliyoijenga kwa pesa ya miche hiyohiyo. Basi siku mwalimu mmoja mstaafu wa Kikuyu aliponipigia simu kwamba mti niliomuuzia umezaa vitu vikali vilivyojaa mbegu, nilichukua kisu nikashika njia. Kama nilikosea tawi la kukata macho, nimewakosea watu wote.

Nilimkuta uani na jirani yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Akapasua tunda. "Ulisema halina mbegu, baba. Nihesabu mimi au utahesabu wewe?"

"Mwachie yeye," jirani akadakia, "hesabu za darasa la nne anaziweza."

Mimi ni mtu wa kucheka. Siku ile sikucheka.

Nikapiga magoti kwenye shina, nikapapasa kovu la kubebesha. Lipo. Chini yake limechomoza tawi nene, miiba mitupu. Mlimao ulikuwa umejiotea wenyewe.

"Hili mbona hukulikata?"

"Nilikate? Mbuzi walilitafuna lile la juu, hili wakaliogopa. Nikasema huu ndio mti wa kuhimili Dodoma. Maji yote ya kuoshea vyombo nikawa nalimwagia hili."

Nikazunguka nyuma. Juu ya kovu kulibaki kijitawi chembamba kama penseli, na chungwa moja lenye kitovu, alama ya aina yangu. Nikalichuma, nikalipasua.

Ndani safi.

Mwalimu akachokonoa kila kipande kwa ncha ya kisu, kisha akala, akammegea na jirani.

"Tamu," akasema. "Lakini siku ile ulinisimulia saa nzima jinsi ulivyoanza maisha. La kukata machipukizi ya chini hukunifundisha."

Ni kweli, sikumfundisha. Nikaliangusha tawi la mlimao, nikalikatakata, na miiba yake nikakizungushia kile kijitawi boma, mbuzi wasikifikie. Kisha nikarudi nyumbani kwa miguu, napiga mluzi njia nzima. Sikuwa nimekosea tawi; mti mama wangu ni uleule.